Risala ya Mama Lishe wa Nangurukuru kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi mliopo meza kuu, wazee wetu, mama lishe wenzetu, mabibi na mabwana. Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuja. Tumeambiwa ratiba yako imebana, na sisi tumezoea kuwapikia watu wenye haraka, kwa hiyo hatutakuchelewesha. Tuna neno kuhusu nishati ya kupikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tupo mama lishe 23 hapa Nangurukuru, penye njia panda ya kwenda Kilwa Masoko. Mabasi ya kusini yanasimama hapa, na malori pia. Usiku mengine yanapita yamesheheni magunia ya mkaa, yanaelekea Dar es Salaam. Madereva wake ni wateja wetu; hatuwezi kuwasema vibaya leo halafu kesho tukawauzie chapati.

Mkaa unakwenda Dar es Salaam, na gesi nayo inakwenda huko huko. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 kwenye kisiwa cha wilaya hii hii ya Kilwa, na tangu 2004 inapita kwenye bomba kwenda kufua umeme Ubungo na kuwasha matanuri ya saruji Wazo Hill. Kwenye kikao chetu kimoja, bibi yetu muuza vitumbua aliuliza: "Hii gesi tunayohimizwa kupikia, ndiyo ile yetu?" Watu walicheka. Lakini aliuliza la maana, kwa sababu jibu ni hapana. Gesi ya kwenye mtungi inaletwa na meli kutoka ng'ambo, kisha inapandishwa lori kuja kwetu, na nauli yake tunailipa sisi.

Hatusemi hivi kwa uchochezi. Mwaka 2013 wenzetu wa Mtwara walilipinga bomba la gesi, zikatokea vurugu, na watu wakapoteza maisha. Lililowaudhi ni lile lile la bibi wa vitumbua: gesi ikiondoka, huku kunabaki nini?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Tunauunga mkono, maana macho yanayowasha ni yetu. Ila kila semina tunayoitwa ni ya kutueleza madhara ya moshi. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kupuliza jiko la mkaa uliolowa mvua, moshi anaujua. Tumeelimishwa vya kutosha.

Ipo siku tuligawiwa mitungi ya kilo 6, tukapigwa picha. Kwa biashara ya chakula, mtungi ule haumalizi hata wiki. Leo ukitembelea nyumba zetu utaikuta mingi pembeni, imefunikwa kitambaa, watoto wanaikalia. Si kwamba tumeipuuza. Mtaji wetu unazunguka kwa siku: asubuhi unanunua kopo la mkaa la shilingi 1,000, ukiuza chai unanunua jingine. Kujaza mtungi kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, na hela hiyo ndiyo mchele na mafuta ya kesho. Tunasikia Dar es Salaam kuna mitungi yenye mita, unalipia kidogo kidogo kwa simu. Hiyo ndiyo ingetufaa. Hakuna aliyeileta huku.

Umeme nao. Bwawa la Julius Nyerere lipo kwa jirani zetu wa Rufiji, megawati 2,115, tunaona fahari. Lakini vibanda vyetu vipo ndani ya hifadhi ya barabara, na ukiomba mita unaulizwa eneo ni la nani. Tunavuta waya kwa jirani na kulipa atakachotaja. Jiko la umeme la presha linaivisha maharage upesi kuliko mkaa, tumeliona kwa macho, ila kwa waya wa kuazima hata taa inafifia.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kabla ya mitungi mingine tunaomba mambo mawili: tupatiwe eneo rasmi la kupikia lenye mita zetu wenyewe, na atafutwe muuzaji wa gesi ya kupima. Na wachoma mkaa msiwasahau. Ni waume zetu na kaka zetu. Tanuri likizimwa bila kazi nyingine, ada za watoto zitakosekana katika nyumba hizi hizi mnazotaka zipikie gesi.

Chakula cha mchana kipo tayari. Wali na samaki vimepikwa kwa gesi, tulichangishana tukajaza mtungi mmoja kwa heshima yako. Maharage, tusikufiche, ni ya mkaa.

Tunaomba kuwasilisha.