Methadoni ni bure, nauli sio bure

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana kila tarehe 26 Juni ikikaribia, ile siku ya kupiga vita dawa za kulevya, tunasikia hotuba tunaona fulana na maandamano, safari hii nimeona na mimi niseme yangu. Nina mdogo wangu wa kiume, huu mwaka wa nne anakunywa methadoni, ile dawa ya hospitali ya kumtibu mtu aliyezoea heroini, sisi tunakaa Chamazi.

Alianza na bangi kijiweni baada ya kuacha shule kidato cha pili, alafu siku moja akaonjeshwa kokteli, yani msokoto wa bangi uliochanganywa na unga, hiyo heroini, yeye anasema hakujua kilichomo na mimi namwamini. Baada ya hapo vitu vikaanza kupotea ndani, simu ya mama, mtungi wa gesi, kuna siku sufuria ilikuwa jikoni na maharage yake, akayamwaga uani akaenda kuuza sufuria. Ukimuuliza analia. Na kama hujawahi kumuona mtu arosto imemkamata, yani mateso ya mwili kukosa unga, utadhani anakata roho, anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, anatetemeka baridi kwenye joto la Dar la mwezi wa pili.

Sasa sisi kama familia tulikosea sana na naandika ili wenzangu msirudie. Tulimfungia chumbani siku tisa, chakula tunapitisha dirishani, tukaona arosto imeisha uso umerudi tukafurahi tukamfungulia. Siku ile ile jioni tukapigiwa simu amekutwa kadondoka nyuma ya banda la video, midomo imebadilika rangi, anakoroma. Mungu mkubwa aliwahishwa. Nesi ndio akatuelewesha kwamba mwili ukikaa bila unga unapoteza uzoefu, kwa hiyo akirudia kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Hili naomba kila mzazi alijue, kijana akitoka gerezani au akitoka soba hausi, zile nyumba za kuwaachisha watu unga, au akitoka kufungiwa ndani, siku hizo za mwanzo ndio za kumuangalia kwa karibu kuliko siku nyingine zote. Tukampeleka kijijini kwa bibi akatoroka, tukaenda kwa mganga, tukamlipia soba hausi moja kwa hela ya kikoba cha mama, nilipoenda kumsalimia nikakuta ana alama za mnyororo mguuni. Nikamtoa siku hiyo hiyo.

Kilichomsaidia ni methadoni. Muhimbili walianza kutoa Februari 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke, na sasa mikoa kadhaa inayo, Zanzibar pia wanayo. Mtaani watu wanasema eti ni kumtoa mtu kwenye unga huu na kumpeleka kwenye unga mwingine. Jamani sio hivyo. Ni dawa ya kunywa, kipimo kinapangwa na daktari, inakaa mwilini kama siku nzima, inazuia arosto na mtu hapandi wala hashuki, kwa hiyo hana haja ya kuiba sufuria wala kuchangia sindano na wenzake wakaambukizana virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Mdogo wangu sasa hivi anakula, analala usiku, anamuogesha mama ambaye amepata kiharusi. Ila na nyinyi wenye wagonjwa kama wangu muwe macho, methadoni ukichanganya na pombe au vidonge vya usingizi inaweza kukata pumzi, hapo hakuna utani.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe Mhariri. Dawa ni bure kabisa, serikali tunaishukuru, lakini unatakiwa uende uinywe pale pale mbele ya mhudumu kila siku, Jumapili, sikukuu, mvua ya masika inanyesha Rangi Tatu imejaa maji, unaenda. Sisi ni magari mawili kwenda na mawili kurudi, 600 mara nne ni shilingi 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi, na huyu ni mtu asiye na ajira. Akikosa siku kadhaa mfululizo inabidi waanze kumpimia upya kwa kipimo kidogo, hapo katikati arosto inarudi na pusha, muuza unga, yuko mita hamsini kutoka mlangoni kwetu, kumfikia huyo hakuhitaji nauli. Mwaka juzi alipata kibarua cha kubeba tofali, tajiri anataka watu saa moja kamili asubuhi, yeye akitoka kliniki anafika saa tatu, wiki ya pili akaambiwa asirudi. Nimemuona mdogo wangu anakaa kwenye ngazi na viatu vyake vya kazi mkononi, hiyo siku niliogopa kuliko siku aliyodondoka.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki, dozi zisogezwe kwenye vituo vya afya vya kata, dirisha lifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi ili mtu anywe awahi kazini, na wale walioimarika miaka waaminiwe kupewa za kwenda nazo nyumbani. Nasikia Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya wanakamata mzigo na kweli wanafanya kazi kubwa, Desemba 2023 walitangaza zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini, Dar na Iringa. Unga unatoka Afghanistan unapakiwa pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, unavuka bahari na majahazi mpaka huku kwetu, bahari ndefu hii, waendelee kukamata. Lakini mteja akiwa anapata dozi yake karibu na kwao pusha anakosa wa kumuuzia, huko nako ni kukamata.

Na sera zinawezekana, mbona viroba, ile pombe kali ya kwenye vipakiti, vilipigwa marufuku Machi 2017, watoto wa sekondari waliokuwa wanaficha kwenye soksi tuliona wamepungua hapa mtaani kwetu.

Mwisho nina ombi kwa wenyeviti wa mitaa na wajumbe. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, asilimia 4 ni ya vijana, lakini ili upate lazima uwe kwenye kikundi, na kikundi gani kitamchukua mtu anayeitwa teja. Mdogo wangu ameomba vikundi vitatu, vyote vimemkataa, kimoja mweka hazina ni jirani ambaye mama yetu alimlea. Mimi naomba wanaokunywa methadoni wasaidiwe kuunda kikundi chao wenyewe, kliniki iwaandikie barua kwamba mahudhurio yao ni mazuri na mwenyekiti agonge muhuri bila kuwazungusha. Mdogo wangu anajua kuchomelea, mageti mawili ya mtaa wetu kachomelea yeye, mashine aliazima. Wapo wenzake wanne wa kliniki hiyo hiyo wako tayari, wamekosa tu wa kuwapokea ofisini.

Ni hayo Mhariri, asante kwa nafasi.

Dada yake,
Chamazi, Dar es Salaam