Michoro ya Krismasi yenye theluji itazamwe kabla ya kukataliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala unaorudi kila Desemba hapa Mwanza, kwamba kadi na kalenda zenye theluji zinazouzwa Makoroboi hazituhusu, kwa kuwa kwetu Desemba ni mwezi wa mvua. Hoja hiyo ina uzito, ila nasikitika kwamba tunaikataa michoro ya aina hii kabla ya kuitazama sawasawa.

Tuchukue picha ya mchoraji Pieter Bruegel ya mwaka 1566, iliyohifadhiwa Brussels, inayoonyesha Yosefu na Maria wakiwasili Bethlehemu kuandikishwa. Bruegel alikihamishia kisa hicho katika kijiji cha kwao, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, theluji imetanda na jua jekundu linazama nyuma ya mti uliopukutika majani yote. Watu wamesongamana kwenye dirisha la makarani, karibu nao nguruwe anachinjwa, na watoto wanacheza juu ya maji yaliyoganda. Maria yumo humohumo, amejifunika joho la buluu juu ya punda, Yosefu akiwa ametangulia na msumeno wake begani, lakini hawana duara la mwanga kichwani wala hakuna aliyegeuka kuwatazama. Mtazamaji mwenye haraka atawapita kama wanakijiji walivyowapita, na nadhani mchoraji alikusudia hivyo hasa. Baridi ile inamfanya mtu auhisi uchovu wa wasafiri wasio na pa kulala. Hata shada la majani mabichi lililotundikwa kwenye nyumba ya wageni, ambalo leo tungelidhani pambo la sikukuu, enzi hizo lilikuwa alama ya mahali panapouzwa pombe.

Kadi nyingi za siku hizi zimebakiza weupe wa theluji na kuiacha shida iliyokuwamo. Ndiyo maana nawaomba wachoraji wetu waige ujasiri wa Bruegel wa kukileta kisa nyumbani: Maria ashuke mwaloni Kirumba, pale ziwani panaposhushwa samaki, mvua ikinyesha, kanga imemlowa mwilini, apite katikati ya magunia ya dagaa na wapagazi wanaogombea mizigo, na asiwepo wa kumpisha. Gazeti lako, Mhariri, lingeweza kulianza jambo hili kwa kumpa mchoraji wa Kanda ya Ziwa ukurasa wa mbele wa toleo la Krismasi ijayo.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza