Wajawazito waelezwe mapema kuhusu nusu kaputi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie dawa za nusu kaputi kwa watoto wadogo. Desemba 2016, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba dawa hizo, zikitumika kwa zaidi ya saa 3 au kwa kurudiwarudiwa kwa mtoto wa chini ya miaka 3, au kwa mama aliye katika miezi 3 ya mwisho ya ujauzito, huenda zikaathiri ukuaji wa ubongo wa mtoto. Hilo halimaanishi kwamba mtoto ambaye utumbo wake umeziba acheleweshewe upasuaji, la hasha. Upasuaji huo huokoa maisha, na utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019 haukuona madhara kwa waliopewa dawa hizo mara moja tu, kwa muda usiofika saa moja.

Hata hivyo, mama anayezisikia habari hizi kwa mara ya kwanza mlangoni mwa chumba cha upasuaji, fomu ya ridhaa ikiwa mkononi, hana utulivu wa kuuliza lolote. Naiomba Wizara ya Afya iingize mada hii katika elimu ya kliniki za wajawazito, ili mzazi ajue mapema kumuuliza daktari kama upasuaji unaweza kusubiri na utachukua muda gani.

Mzazi,
Morogoro.