Risala kwa mgeni rasmi anayetoka chama cha urithi wa Waayalandi, Portland, Maine, Marekani

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa kikundi chetu,
Wazee wetu, wachungaji na masheikh mliopo,
Akina mama mlioshinda jikoni tangu alfajiri,
Vijana, watoto na wageni waalikwa, hamjambo!

Ndugu Mgeni Rasmi, karibu sana. Kwa kuwa ni mara yako ya kwanza kusomewa risala, naomba nikueleze desturi. Kwetu mgeni rasmi hagusi sahani kabla ya risala, na risala isiyo na maombi watu huiita salamu. Kwa hiyo yavumilie maelezo, maombi yetu yanakuja mwishoni. Kijana anayekutafsiria ameniomba nisitie methali kwa sababu zinamchelewesha. Nimemkubalia.

Sisi ni watu wa Kiswahili tunaoishi mji huu. Wengi tunatoka Uvira, Fizi na Bukavu, wengine Bujumbura na Rumonge, na wachache Tanga na Mombasa. Baadhi yetu tulifika majira ya joto ya 2019, wakati mamia ya watu, wengi kutoka Kongo na Angola, walipolazwa kwenye vitanda vya kukunja katika ukumbi wa mpira wa kikapu wa Expo. Wakati ule hatukujua Mwayalandi ni nani. Kwa macho yetu wote mlikuwa Wazungu tu, mtusamehe.

Ndugu Mgeni Rasmi, hafla yenu ya kwanza tuliyohudhuria ilikuwa usiku wa densi, ile mnayoiita keili. Tangazo lilisema saa 7. Mzee wetu mmoja wa Tanga akasoma saba kama tunavyoisoma sisi, akawabeba watu watano kwenye gari, wakafika saa saba mchana, theluji mpaka magotini, mlango umefungwa. Ninyi mlikusudia saa moja ya usiku. Mlinzi wa jengo akawaonea huruma, akawafungulia, na kwa kuwa hakuwa na la kuwapa akawapa viti wapange. Wakapanga viti mchana kutwa. Wenyeji walipoanza kuingia jioni walidhani hawa ni wanakamati wapya. Mpaka leo mzee huyo akifika kwenu anaulizwa funguo za stoo ziko wapi.

Usiku ule tulifundishwa densi ya Kuzingirwa kwa Ennis. Watu wanne wanashikana mikono, wanatazamana na wanne wengine. Mnasogea mbele, mnarudi nyuma, mnapishana kwa upande, mnazungushana, kisha safu moja inainua mikono na nyingine inapita chini yake, na mbele yako wanasimama watu wanne wengine ambao hujawahi kuwaona. Mama mmoja wa Uvira, ambaye tangu afike nchi hii hakuwa amesalimiana na mtu asiye wa kazini au hospitalini, alipita chini ya mikono ile mara kumi na zaidi. Aliporudi kuketi alikuwa ameshikana mikono na ukumbi mzima. Hakujua jina la hata mmoja, ila alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani.

Na ile ngoma yenu bapa, bodhrán, ya ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwenye duara la mti! Wenzetu wa pwani waliitazama wakasema, hili si dufu hili? Tofauti ni kwamba sisi dufu tunalipiga kwa kiganja, ninyi mnatumia kijiti. Palikuwa na mabishano kidogo nani kaiga kwa nani. Yaliisha chai ilipoletwa.

Chai yenyewe nayo ina habari. Kijana wetu aliligeuza boksi la majani akasoma, akapiga kelele: Kenya, Rwanda! Ndipo mkatueleza kwamba chai nzito inayopendwa Ayalandi huchanganywa kwa sehemu kubwa na majani ya Afrika Mashariki, pamoja na ya Assam, India. Tumevuka bahari tukakaribishwa chai ya kwetu, tena ya maziwa, na mkate wa magadi wenye alama ya msalaba juu. Mkate tuliukubali. Chai, kwa heshima zote Ndugu Mgeni Rasmi, bado inataka tangawizi.

Jambo lililotugusa kuliko yote tulilisikia kwenye mazungumzo yenu ya jioni ya Alhamisi, yale ambayo huja watu kumi na wanane na sufuria moja ya supu. Sisi tulidhani keili ni mila ya kale, imetoka kwa mababu. Mkatwambia hapana: keili ya kwanza ya namna hii ilifanyika London, mwaka 1897, kwenye ukumbi mtaa wa Bloomsbury. Walioiandaa ni Waayalandi waliokuwa ugenini, wanachama wa Jumuiya ya Kigaeli, lugha ya asili ya Ayalandi, iliyoundwa Dublin mwaka 1893, na wazo waliliiga kwa Waskoti waliokuwa na jioni zao humo humo London. Ndipo ikarudi nyumbani Ayalandi ikawa mila. Mwenyekiti wetu alikaa kimya muda mrefu baada ya hapo. Yeye kila mara hutwambia kwamba utamaduni wetu umebaki Kongo, hapa tunakula makombo tu. Tangu siku ile hajarudia.

Jioni nyingine mkatuonyesha picha ya kijiti. Karne ya 19, sehemu kadhaa za Ayalandi, mtoto alivishwa kijiti shingoni. Kila akisema Kigaeli kilichongwa alama, na mwisho wa siku alama zilihesabiwa akachapwa kwa idadi yake. Wenzetu waliosoma Kenya na Tanzania wakatazamana. Wao walivishwa kibao shingoni, wengine kwa kusema lugha ya mama, wengine kwa Kiswahili hiki hiki ninachokisoma sasa. Bibi mmoja wa kwenu, ambaye babu yake alitoka Connemara, magharibi mwa Ayalandi, kuja kupakia nafaka ya Kanada kwenye meli za bandari hii majira ya baridi, mto Saint Lawrence ukiwa umeganda, alisema babu alikuwa na Kigaeli tele lakini hakumpa mwanawe hata neno. Alidhani anamwepushia kiboko. Sasa bibi huyo, nywele nyeupe, anajifunza "habari ya asubuhi" ya babu yake kutoka kwenye daftari. Ndugu Mgeni Rasmi, watoto wetu wana miaka saba, minane, na tayari tukiwasemesha Kiswahili wanajibu Kiingereza.

Mlitufundisha pia kusuka msalaba wa Mtakatifu Brigita, mkesha wa tarehe 1 Februari. Kwenu husukwa kwa nyasi mbichi za majimaji, lakini Maine mwezi huo majimaji yote ni barafu, mkatumia mirija ya karatasi. Mama wa Tanga aliyekulia kwenye ukili na mikeka alimaliza wa kwake wakati wengine bado wanahesabu mirija, akageukia kurekebisha ya wenyeji. Nadhani mlimpenda. Mmoja wenu alimwomba darasa la mikeka na bado analisubiri.

Na mkatusimulia mkesha wa Amerika. Baada ya njaa kuu ya viazi iliyoanza 1845 ikaua watu wapata milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakaihama nchi, kijana akitaka kupanda meli familia ilikesha naye kama inavyokeshwa na maiti: muziki, densi, kilio, kwa sababu hawangemwona tena. Hilo hatukuhitaji kutafsiriwa. Wengi hapa tulikeshewa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, Tanzania, usiku wa kuamkia basi. Watu waliimba mpaka jogoo akawika, na dada yangu alinifungia mihogo ya kukaanga kwenye gazeti kana kwamba naenda Kigoma.

Wala hamkutuficha kwamba ninyi pia hamkupokewa kwa maua. Pale Bath, si mbali na hapa, Julai 1854 kundi la watu lilichoma kanisa walilolitumia Wakatoliki wa Kiayalandi. Tulishukuru kuambiwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa maombi yetu. Ni matatu.

Tunaomba chumba kidogo cha nyuma, kile chenye piano mbovu, Jumamosi asubuhi saa mbili, tuwafundishe watoto Kiswahili. Saa mbili yetu ni saa 8 ya kwenu, tumelihakikisha mara mbili kwa sababu ya lile la viti. Usafi tutafanya wenyewe.

Ombi la pili ni zito kidogo. Wazee wenu wa kitengo cha koo wanajua kumtafuta mtu asiye na karatasi. Walituambia jinsi ofisi ya kumbukumbu ya Dublin ilivyoungua Juni 1922 na orodha nyingi za sensa zikawa majivu, na jinsi wanavyotumia vitabu vya ubatizo, mawe ya makaburi na maneno ya majirani. Sisi karatasi zetu ziliungua pia, au zilibaki chini ya kitanda siku ya kukimbia. Nusu ya ukumbi huu tumeandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, maana karani alitaka tarehe nasi hatukuwa nayo. Tunaomba mtufundishe kazi hiyo. Tuna bibi wawili wenye zaidi ya miaka themanini wanaotaja ukoo mpaka kizazi cha saba, na hatujaandika chochote.

La tatu ni dogo. Gwaride lenu la Machi, la Mtakatifu Patrick, mtupe nafasi nyuma ya wapiga filimbi. Dufu tunalo.

Ndugu Mgeni Rasmi, pilau imeshapakuliwa na haipendi kungoja. Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa kikundi