Barua kwa mwanangu: vile vidoa vya njano

Marahaba babaangu, maana najua ungeanza na shikamoo. Huku Moshi mlima sijauona wiki ya pili hii, wingu limekaa Kibo kama limelipia kodi, nipo barazani nachambua maharage ya kupeleka Mbuyuni kesho.

Nimekumbuka ile likizo ulivyonionyesha kwenye laptopu mapicha ya anga, ukasema watu wa kawaida tu walikuwa wanachora duara juu yake kusaidia wanasayansi, nikakucheka nikasema huo mchezo wa watoto. Juzi nikaweka bando nikasoma. Basi nilikosea.

Kumbe nyota inazaliwa ndani ya wingu la gesi na vumbi, baridi kabisa, linajivuta kwa uzito wake lenyewe mpaka katikati panachemka, na wewe huoni kitu sababu vumbi limeziba. Ile darubini ya NASA, Spitzer, ilikuwa inaona joto, ni kama usiku ukifukia makaa kwa majivu, moto huuoni ila ukisogeza kiganja unausikia. Sasa nyota kubwa zikishawaka zinasukuma gesi pembeni panabaki kama povu la sabuni, na hayo mapovu ndo watu walikuwa wanayachora, kompyuta zilikuwa zinashindwa kuyatambua maana mengine yamepasuka mengine yamepandana. Huo mradi, Milky Way Project, ulianza 2010, na kufikia 2012 watu zaidi ya 35,000 walishapata mapovu 5,106. Picha moja wanaiangalia wengi, mmoja akichora ovyo wenzake wanamsawazisha.

Ila kilichonimaliza ni vile vidoa vya njano. Hakuna aliyewatuma wavitafute, wao wanachora mapovu yao wakaviona, wakauliza jamani hivi ni nini? Ikabidi wanasayansi wakachimbe, na 2015 wakatoa orodha ya vidoa 928, kumbe ni sehemu nyota kubwa ndo kwanza zinaanza, povu lenyewe bado halijafunguka.

Mi hiyo naielewa kabisa. Kwenye ungo unatafuta mawe, lakini jicho linanasa punje ambayo si jiwe na si haragwe unalolijua, mkono unasimama wenyewe.

Sasa Desemba uje na hiyo laptopu, chaja uliisahau huku ipo kabatini. Nimeona Zooniverse, ile tovuti yenye miradi ya namna hiyo, wana mingine bado, utanikalisha unionyeshe pa kubonyeza, nitavaa miwani. Nauli natuma Ijumaa maharage yakitoka.

Mama yako