Bibi, herufi zako za chuoni zimenipa cheo huku Kayseri, Uturuki

Mama shikamoo, bibi shikamoo sana. Zuhura we ndo utawasomea kwaiyo soma polepole na usiruke sehemu za bibi kama mara ile, niliambiwa.

Mi mzima, ila baridi inanimaliza, kutoka dirishani naona mlima Erciyes mweupe pee na maji ya bomba yakikugusa asubuhi unaita mama yako. Chuo kinaenda. Hela bado ipo ipo.

Sasa sikilizeni kisa. Jumapili mwenzangu wa chumba alinipeleka kwa bibi yake, mama mtu mzima wa miaka 84. Tukala mantı, vinyama vidogo vimefungwa kwenye unga alaf vinamwagiwa mtindi wenye kitunguu saumu, mama ungekula ungenuna lakini vinashibisha. Baada ya chai akatoa picha ya zamani ya baba yake kasimama mlangoni pa duka la viatu, na nyuma ya picha kuna maandishi ya wino kwa herufi za kiarabu. Nyumba nzima hamna wa kuisoma! Watoto wana digrii, mjukuu anasomea uinjinia, hamna, picha imelala kwenye droo miaka yote. Mwenzangu akasema mpeni huyu, kwao kasomeshwa herufi hizo na bibi yake.

Nikaipokea kama mtu wa maana. Maneno matatu tu, mwandiko umetulia. Hasan. Usta, yaani fundi. La mwisho alif, wau, lam, dali, ye, nikasoma kwa sauti: "öldü". Bibi wa watu akashika kifua, maana öldü ni amekufa, Hasan fundi amekufa, na Hasan ndo baba yake huyo kwenye picha anatabasamu. Kimya. Mara akaanza kucheka mpaka machozi, "oldu evladım, oldu!" Amekuwa, mwanangu, amekuwa! Hasan amekuwa fundi. Ilikuwa picha ya siku alipomaliza kujifunza kazi. Kumbe oldu na öldü kwa herufi za zamani zinaandikwa vilevile hata nukta haitofautiani, kwasababu Kituruki kina irabu 8 na wau moja inabeba o, u, ö, ü na v juu yake. Si unakumbuka bibi ulivyokuwa ukinipiga kibao nikisoma choma mahali ulipoandika chuma? Ndo yaleyale. Mimi nilijua herufi bila lugha, yeye anajua lugha bila herufi, tukasoma maneno matatu kwa kusaidiana robo saa.

Ilikuwaje wafike hapo? Agosti 1928 Atatürk, rais wao wa kwanza, alisimama kwenye bustani ya Gülhane pale Istanbul akatangaza wanabadili herufi, waandike kwa za kilatini. Kamati ilikuwa inawaza labda miaka 5, yeye akasema miezi 3 au basi tena. Tarehe 1 Novemba sheria ikapita, Desemba 1 magazeti yote yawe ya herufi mpya, Januari 1929 vitabu navyo. Alizunguka nchi na ubao na chaki anafundisha mwenyewe, na ile picha yake maarufu mbele ya ubao ilipigwa hapahapa Kayseri, Septemba 20. Tusimuonee lakini, waliojua kusoma walikuwa kama mtu mmoja kati ya kumi, kwaiyo kwa wengi hizo zilikuwa herufi zao za kwanza maishani, na kwa kweli zinakikaa Kituruki vizuri kuliko zile. Mwaka huohuo 1928 na sisi mambo yetu yalikuwa yanapangwa pale Mombasa, kwenye mkutano uliochagua Kiunguja kiwe ndo Kiswahili sanifu, Wamvita, yaani watu wa Mombasa, mpaka leo wengine wamenuna.

Walichonichekesha mimi ni maneno. 1932 wakaunda chama cha kusafisha lugha, kutoa Kiarabu na Kiajemi, na chama chenyewe kikaitwa Türk Dili Tetkik Cemiyeti, yaani Chama cha Uchunguzi wa Lugha ya Kituruki, tetkik Kiarabu, cemiyet Kiarabu, ndugu wa neno letu jamii! Walikuja kulibadili jina hilo 1934. Na 1934 alipokuja mwana wa mfalme wa Sweden, Atatürk akasoma hotuba ya maneno mapya matupu, ukumbini watu hawakuelewa kitu. Baadae ikatoka nadharia kwamba lugha zote duniani zimetoka kwenye Kituruki, mtu wa kale aliliangalia jua akasema aa, ndo lugha ikaanza, wakaiita Nadharia ya Jua. Hamuoni ujanja? Kama lugha zote ni Kituruki basi hata kitabu ni Kituruki, hakuna haja ya kukifukuza. Kitap kikabaki. Ila mengi mengine yaliondoka, hata hotuba ya Atatürk ya 1927, ile aliyosoma siku 6 saa 36, vijana wa leo wanasomewa kwa kutafsiriwa, na ni lugha yao!

Pale mezani nikaliona kwa macho yangu. Nilikuwa nalalamika nikachanganya na Kiswahili nikasema nina mtihani kesho, mwenzangu hakushtuka lakini bibi yake akadaka, "imtihan mı?" Mjukuu anasema sınav. Bibi anasema muallim, mjukuu öğretmen. Bibi cevap, mjukuu yanıt. Nikawa naongea Kiswahili cha Tanga na bibi ananielewa nusu nusu huku mjukuu wake ameduwaa, akaniambia nimekuwa kizee cha Kituruki.

Sasa bibi, ile daftari yako ya dawa uliyoandika kwa herufi hizohizo, iliyoko chini ya sanduku, yenye jalada la bluu, juzi Zuhura alisema mama alitaka kuchana karatasi zake afungie kashata za kuuza. Mama naomba sana, mwambieni mangi awauzie magazeti, nitatuma hela mwisho wa mwezi. Zuhura nipigie picha kurasa zote kwa simu, zilizolowa pia, alaf kaa na bibi akusomee ukurasa wa dawa ya kikohozi unirekodie sauti, huku nakohoa usiku kucha.

Mwanenu,
Kayseri