Funga kompyuta ya ofisi, usifunge kazi

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo niongee na wenye ofisi hapa Mombasa, haswa mawakala wa forodha wa Kilindini na Moi Avenue, maana saa hizi wengi washaambiwa kompyuta zao ni za kutupa.

Windows 10 ilikatiwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 yataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za majuzi, kwa hivyo hizi mashine za mitumba zilizojaa maofisini mwetu nyingi haziingii. Kampuni ikitaka kuendelea kupata masasisho yalipa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na kila mwaka bei yaongezeka maradufu. Wengi watabaki tu na Windows ya kukrakiwa, na humo ndani mna PIN za KRA za wateja na nakala za vitambulisho, vitu ambavyo sheria ya kulinda data ya 2019 imekubebesha wewe jukumu la kuvilinda.

Mimi ni fundi na nasema weka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, iwe ya aina ya Debian, Ubuntu au Mint, haina leseni ya kulipia, na kazi nyingi siku hizi ni za kwenye brauza, iTax, eCitizen, mfumo wa KenTrade.

Lakini jamani, kuweka Linux halafu kila mtu apewe nguvu zote ni kazi bure. Mtu wa kaunta asipewe sudo, ile ruhusa ya kuamuru mashine kama mwenyewe. Mafundi wengi huishia hapo, na hapo hapatoshi, kwa sababu mtu bado aweza kuleta programu na flashi akaiweka kwenye folda yake akaiwasha, ndio maana /home (mahali pa folda za watumiaji) na flashi zote zataka kuwekewa noexec, alama ya kukataza programu kuwaka kutoka hapo, akibofya haiwaki. (Skripti, yaani programu za maandishi tu, zaweza kupenya bado, kwa hivyo terminali, lile dirisha la kuandika amri, nayo itoe.) Setingi za GNOME (ile sura ya Linux kwenye skrini) zafungwa kwa dconf, hifadhi ya setingi zake, na brauza ya Firefox kwa faili la policies.json. Na mlango ambao karibu kila mtu husahau ni huu: mashine ikiwaka, anayejua abonyeza herufi e kwenye menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, abadilisha mstari mmoja, na yuko ndani kama mwenye mashine bila kuulizwa pasiwadi yoyote! Weka pasiwadi ya GRUB, weka ya BIOS (setingi za mashine yenyewe kabla Linux haijawaka), zuia mashine kuwaka kwa flashi.

Ila kufuli liwe la mashine, lisiwe la kazi. Mama wa hesabu akitaka maandishi makubwa kwa sababu ya macho mwachie, kumnyima hiyo si usalama, ni roho mbaya. Printa ikigoma saa kumi jioni na mteja yuangoja makaratasi, mtu mmoja pale ofisini awe kwenye grupu la lpadmin, la wenye ruhusa ya kusimamia printa, aiamshe mwenyewe, si kumngoja fundi yuko Likoni kwenye foleni ya feri. Watu wakibanwa pasipo sababu huanza kutuma hati za wateja kwa simu zao, na hapo umelinda nini?

Tena msiruke mara moja. Gendarmerie, polisi wa kijeshi wa Ufaransa, walianza na OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, 2005, wakaja Firefox na Thunderbird ya barua pepe 2006, Ubuntu ikaja 2008 watu washazoea programu zenyewe. Nanyi wekeni LibreOffice, ndugu ya OpenOffice, ndani ya Windows hiyo hiyo mliyo nayo, mjaribu zile faili za Excel zenye makro (amri za kujiendesha), maana hizo ndizo husumbua, na zikikataa kabisa achieni mashine moja tu ya Windows kwa kazi hiyo.

Mwisho hili nawaomba sana wenye ofisi. Pasiwadi ya root, akaunti yenye nguvu zote, isikae kichwani mwa fundi peke yake. Kuna ofisi moja hapa mjini fundi alihama na pasiwadi zote, na diski zilikuwa zimesimbwa (hazisomeki bila pasiwadi), ikabidi kila kitu kifutwe waanze upya, faili za miaka zikaenda. Siku ya kukabidhiwa kazi idai kwa maandishi, tia kwenye bahasha, funga, weka sefu, na uijaribu mbele yake kabla hajaondoka. Akikataa, usimmalizie pesa yake.

Fundi wa kompyuta,
Tudor, Mombasa